Masizi ya jikoni: tusifute tu, tuulize yametoka wapi



Leo sitazungumzia malaria wala kunawa mikono, mambo ambayo umeyasikia kutoka kwetu wahamasishaji wa afya mpaka umeyakariri. Leo nataka tuzungumze juu ya tofali. Ndiyo, tofali la jiko lako, lile lililo juu kidogo ya mdomo wa moto, ambalo limekuwa jeusi tii na linang'aa kama limepakwa lami. Kila mgeni akiingia unaona aibu, unalifunika na sufuria au unasimama mbele yake. Nakuomba usione aibu. Tofali hilo lina habari ya kukuambia, na mimi mwenyewe nilichelewa sana kuisikia.

Mimi ni kijana wa hapa Nyarugusu. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu Wakongo tuliokimbia vita, na mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi nao wakaja kwa wingi. Sekondari nimesomea hapa hapa kambini, na kupika nimeona kukipikwa tangu utotoni. Lakini kuona si kupika. Hilo nalo nilikuja kulijua baadaye.

Alama kumi kwa kumi

Wakati fulani sisi wahamasishaji wa kijiji chetu tulianzisha mashindano madogo ya usafi wa majiko. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwa na daftari. Vyombo vimekaushwa juu ya kichanja? Alama mbili. Maji yamefunikwa? Alama mbili. Shimo la taka lipo? Alama mbili. Sakafu imefagiwa? Alama mbili. Na mwisho: matofali ya jiko ni safi, hayana masizi? Alama mbili. Jumla kumi.

Siku moja asubuhi nilifika kwa mama mmoja ambaye kibanda chake cha jiko kilikuwa kinapendeza kuliko vyote. Matofali yalikuwa mekundu kama yametoka kwenye tanuru jana. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka, jasho linamtoka, nywele na nyusi zimejaa vumbi jeusi. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa miezi kama minane hivi, na mtoto huyo pia alikuwa na weusi puani. Mama alikuwa ameamka alfajiri kusugua matofali kwa ufagio mkavu, mlango umefungwa ili jirani wasione, kwa sababu alijua tunakuja. Nilimpa kumi kwa kumi, nikampongeza, nikaenda zangu.

Nyumba ya tatu kutoka hapo nilimkuta bibi mmoja. Matofali yake yalikuwa meusi. Nikamwambia, "Bibi, hapa umepoteza alama." Akacheka, akanijibu, "Mjukuu wangu, weusi huu ni wa miaka. Siku hizi mimi napika nje." Kweli, mafiga yake yalikuwa nje, chini ya kivuli, na wajukuu walikuwa wanacheza mbali na moshi. Lakini daftari langu halikuwa na mstari wa jambo hilo. Nikampa nane.

Siku chache baadaye nilikuwa zamu kwenye posti ya afya. Nikamwona yule mama wa kumi kwa kumi kwenye foleni, mtoto anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani. Nilihesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zilizidi 60. Tulimpitisha mbele ya foleni, akapelekwa hospitali, na kwa neema ya Mungu akapona.

Msomaji wangu, mimi si daktari. Siwezi kusema kwamba vumbi la asubuhi ile ndilo lililomwuguza mtoto. Nimonia ina sababu nyingi. Lakini nilijiuliza usiku ule: nilikwenda kwenye nyumba ile kama mtu wa afya, nikatazama tofali na nikasahau kumtazama mtoto. Nilitoa alama kwa ajili ya rangi. Yule mama alifanya jambo la hatari ili anipendeze mimi.

Masizi ni nini hasa?

Kuni zikiungua vizuri, zikiwa kavu na zikipata hewa ya kutosha, moto unakuwa wa njano au mweupe, moshi ni kidogo na majivu ni laini. Kuni zikiwa mbichi, au zikirundikwa nyingi mpaka zinazibana, moto unakosa hewa. Sehemu ya kuni haiungui mpaka mwisho. Inapaa kama moshi, na moshi huo ukigusa kitu kilichopoa kama tofali, sufuria au paa, unaganda hapo. Hayo ndiyo masizi. Kwa maneno mengine, masizi ni kuni ambazo hazikuungua. Mama uliyezifuata porini na kuzibeba kichwani, sehemu ya mzigo wako imebandikwa ukutani bila kupika chochote.

Lakini si moshi wote unaobandikwa ukutani. Mwingine unaingia kifuani. Chembe za moshi zinazotuumiza zaidi zina upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Ukichukua unywele mmoja wa kichwa chako, unaweza kupanga chembe zaidi ya 20 za namna hiyo katika upana wake. Ndiyo maana pua haiwezi kuzizuia, zinashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 moshi wa majumbani ulihusika na vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Shirika hilo linasema pia kwamba mtoto anayeishi katika moshi wa jikoni, hatari yake ya kupata nimonia inakaribia kuwa mara mbili. Hao ni watoto wa majiko kama yetu: kuni, makaa, kinyesi cha ng'ombe, mabua.

Masizi yenyewe nayo si uchafu wa kawaida. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kwamba watu waliofanya kazi tangu utoto ya kupanda ndani ya mabomba ya moshi na kuyafagia walikuwa wanapata kansa ya ngozi kwa sababu ya masizi yaliyowakaa mwilini. Sisi hatuingii ndani ya mabomba ya moshi, lakini fundisho ni lile lile: masizi hayafai kukaa kwenye ngozi, na hayafai kurushwa hewani na kuvutwa puani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kusafisha matofali ni kuzuri, na nitakueleza namna ya kufanya bila kujiumiza. Lakini tofali jeupe au jekundu siyo ushahidi wa jiko salama. Tunatakiwa kuacha kushindana kwa rangi ya matofali na kuanza kushindana kwa moshi kidogo.

Kwanza, kusafisha kwa usalama

Fanya kazi hii asubuhi kabla ya kuwasha moto, jiko likiwa limelala limepoa kabisa. Usimwage kamwe maji baridi juu ya matofali ya moto. Yatapasuka, na mvuke utakuunguza mikono na uso.

Toa watoto nje, na yule wa mgongoni mwache kwa dada yake au kwa jirani. Toa vyakula na maji ya kunywa. Fungua mlango, kunja mkeka au turubai lililoziba dirisha. Funga kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni. Kitambaa hakizuii zile chembe ndogo kabisa, lakini vumbi kubwa kinalipunguza.

Usisugue matofali makavu. Nyunyiza maji kidogo kwanza ili masizi yalale. Hili ndilo kosa ambalo wengi tunalifanya, kupiga ufagio mkavu mpaka kibanda kinakuwa kama usiku.

Baada ya hapo angalia tofali lako ni la namna gani.

Kama ni tofali la kuchoma, linavumilia maji. Lilowanishe kwanza kwa maji safi, kwa sababu tofali kavu linanyonya maji meusi na weusi unaingia ndani zaidi. Chekecha majivu, changanya na sabuni kidogo na maji mpaka yawe kama uji mzito. Paka, subiri kidogo, kisha sugua kwa dodoki, gunzi la mahindi au brashi ya katani. Anza chini ukipanda juu, ili maji meusi yanayoteremka yakute tofali lililokwisha kulowa na yasiache michirizi. Suuza kwa kitambaa, siyo kwa ndoo nzima, maana udongo ulioshika matofali unaweza kutoka. Brashi ya waya iache, inakwangua uso wa tofali na mwezi ujao masizi yatashika zaidi. Na kumbuka kwamba maji ya majivu ni makali, yanachoma macho na yanachubua mikono.

Kama ni tofali bichi, au jiko la kufinyanga kwa udongo, usilioshe. Maji yatalirudisha kuwa tope. Nyunyiza kwa mkono tu, kwangua taratibu kwa kipande cha mti au kisu butu, kisha siriba upya. Udongo wa kichuguu ni mzuri, uchanganye na mchanga na majivu kidogo. Ziba nyufa zote. Acha likauke siku kadhaa, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Madoa ya mafuta yaliyomwagika, yapake ule uji wa majivu mazito, uache mpaka ukauke, halafu ukwangue. Utahitaji kurudia mara mbili au tatu. Madoa meupe kama unga wa chumvi yafute yakiwa makavu, kwa sababu ni chumvi iliyotolewa na unyevu wa ndani ya tofali. Ukiyaona, tafuta maji yanaingilia wapi: paa linavuja, au mtaro wa nyuma ya kibanda umeziba.

Ukimaliza, masizi yote yatie kwenye shimo la taka na uyafunike. Usiyamwage karibu na bomba la maji. Nawa mikono na uso kwa sabuni, badili nguo, na kitenge unachobebea mtoto kifuliwe. Na hapa nasema kwa sauti: masizi si dawa. Usiyapake kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Yanaweza kuingiza vijidudu, hata vya pepopunda.

Vitu vya kukataa

Nimeona mengi katika kutembea kwangu, na mengine yanatisha. Wapo wanaosugua tofali kwa mafuta ya taa au petroli. Tofali linanyonya mafuta hayo, na ukija kuwasha moto jioni yanakulipukia. Wapo wanaochanganya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na limao au siki. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu, na masizi yenyewe hautayaondoa, kwa kuwa dawa hiyo inang'arisha rangi za nguo na haiyeyushi masizi. Wapo pia wanaopasua betri kuukuu za redio wapate ule unga mweusi wa kupaka jiko lote liwe na rangi moja. Unga ule una madini yanayodhuru mwili, na watoto wanachezea hapo hapo. Ni afadhali tofali lenye masizi kuliko tofali lililopakwa sumu.

Pili, kuyazuia yasirudi

Hapa ndipo nilipopata somo kubwa. Baada ya yale ya posti, nilirudi kwa yule mama na kuanza kumweleza habari za kuni kavu na hewa ya kutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe umewahi kupuliza moto wa kuni mbichi wakati wa mvua, mtoto analia na maharagwe hayajaiva?"

Nilinyamaza. Sikuwahi.

Nilikwenda nyumbani nikamwomba mama yangu anipe jiko kwa wiki moja. Alidhani nina wazimu, na vijana wenzangu walinicheka. Siku ya kwanza nilitoka kibandani macho mekundu, machozi na makamasi yananitoka kama mtoto. Siku ya pili ugali uliungua nje na ndani ni mbichi. Siku ya tatu nilianza kutazama moto wenyewe badala ya kuulaumu. Haya ndiyo niliyojifunza, na yote hayana gharama ya fedha.

Kuni kubwa haiungui vizuri hata ikiwa kavu. Pasua vipande vyembamba, unene wa kidole gumba mpaka wa mkono wa mtoto. Kuni nene nilizozisukuma nzima ndizo zilizonitoa machozi. Nilipozipasua, moshi ulipungua siku ile ile.

Tumia vipande vichache, sukuma kidogo kidogo kadiri vinavyoungua. Mdomo wa jiko usijae. Chini ya kuni weka mawe mawili madogo au kipande cha chuma ili hewa ipite kwa chini. Majivu ya jana yatoe kila asubuhi, yakijaa yanaziba hewa.

Kuni za kesho zianikwe leo. Kiangazi, zipange juani. Wakati wa mvua, zipange chini ya paa mahali pakavu, karibu na joto la jiko lakini mbali na cheche. Usiziache kando ya mdomo wa moto usiku.

Loweka maharagwe au dengu tangu usiku, na maji ya kulowekea uyamwage. Sufuria iwe na kifuniko, hata kama ni sahani. Muda wa kupika unapungua, na moshi unapungua pamoja na muda.

Usiwashe moto kwa nailoni, vipande vya turubai au ndala kuukuu. Najua vinashika haraka. Lakini moshi wake una sumu, na masizi yake yananata kama gundi. Ukiona tofali lako lina weusi unaonata kidoleni, jiulize uliwasha na nini. Tumia maganda makavu ya mahindi au vijiti vyembamba.

Toboa tundu la moshi juu ya ukuta, upande unaokabiliana na mlango, ili hewa iingie huku na moshi utoke kule. Wakati wa kiangazi pika nje kama yule bibi. Moto ukishamaliza kazi, uzime, usiuache unafuka moshi saa nzima. Na sufuria zako, kabla ya kuziweka motoni zipake nje sabuni nyembamba au udongo laini. Masizi yatatoka kwa maji tu.

Mtu anaweza kuniambia, "Wewe kijana, kuni tunapata kwa shida, kuchagua kavu na mbichi tutachagua wapi?" Ni kweli kabisa. Akina mama na dada zetu wanajua uzito wa mzigo ule na hatari za njiani, na si vyema mimi niliyekaa nyumbani nijifanye mwalimu. Lakini ndiyo sababu ninasema. Kila kuni inayoungua vizuri ni kuni moja ambayo hutaifuata kesho. Jiko linalotoa masizi mengi linakutuma porini mara nyingi zaidi.

Na hapa nawageukia akina baba na vijana wenzangu. Shoka na panga vipo mikononi mwa nani? Tunakaa barazani tunacheza drafti, huku mama anapambana na gogo zima jikoni kwa sababu hana nguvu ya kulipasua. Nusu saa ya kupasua kuni jioni ni dawa ya kifua cha mtoto wako. Kusafisha jiko pia, hakuna sheria ya kabila lolote hapa iliyoandika kwamba mkono wa mwanamume ukishika dodoki unakauka.

Tofali la shahidi

Sasa nakuletea pendekezo langu. Badala ya kusugua jiko lote kwa sababu wageni wanakuja, chagua tofali moja tu, lile la juu ya mdomo wa jiko. Lisafishe vizuri kwa namna niliyoeleza, au kama ni la udongo lisiribe upya. Hilo liwe tofali la shahidi. Usiliguse tena kwa siku saba. Siku ya saba litazame. Likiwa limekuwa jeusi kabisa, moto wako unatoa moshi mwingi, rudi kwenye kuni na hewa. Likiwa limepata kivuli chepesi tu, unaendelea vizuri. Lisafishe tena, wiki nyingine ianze.

Kwa mama yangu wiki ya kwanza lilikuwa jeusi lote. Wiki ya tatu, baada ya kupasua kuni na kutoboa tundu, lilikuwa la kijivu. Hatukununua kitu chochote. Mama sasa ndiye anayewaonyesha majirani, anasema, "Njooni mwone tofali la mwanangu."

Nimewaomba wahamasishaji wenzangu tubadilishe daftari letu. Ule mstari wa "matofali hayana masizi" tuufute. Mahali pake tuandike: tofali la shahidi lipo? Tundu la moshi lipo? Mtoto mdogo anakaa wapi wakati wa kupika? Nani anapasua kuni? Bibi yule niliyemnyima alama mbili nimemrudia, nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Alama zako kaa nazo, niletee mtu wa kunipasulia kuni." Nimekuwa nikimpasulia.

Jambo moja la tahadhari. Tofali safi halimaanishi kila mara hewa safi. Makaa hayatoi masizi mengi, lakini mbabula ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Hata mvua ikinyesha na baridi ikizidi, usilale na mbabula ndani. Masizi angalau yanajitangaza, ile nyingine haijitangazi.

Dalili za kukimbilia posti

Mwisho, mtazame mtoto kabla ya kutazama tofali. Akiwa na kikohozi au anapumua kwa shida, mhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka 12: pumzi 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi. Kama huna saa, mwite mhamasishaji wa kijiji chako. Na kama mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea hazinduki, usihesabu wala usisubiri asubuhi. Mlete usiku huo huo.

Mtoto au wewe mwenyewe ukiungua jikoni, weka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha njoo posti. Usipake majivu, masizi, mafuta wala dawa ya meno.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema palipo na moshi pana moto. Mimi nasema palipo na masizi pana moshi, na palipo na moshi pana mtoto anayeuvuta. Kesho asubuhi, jiko likiwa limepoa, safisha tofali moja. Baada ya siku saba, tukipita kwako, usitukaribishe kwa aibu. Tuonyeshe tofali lako tulisome pamoja.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Mwandishi wa maoni haya ni mhamasishaji wa afya wa kujitolea, Kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma.